Siku Niliyosema Nimeshapima

Kosa nalitaja mapema, ili asiwepo wa kulitafuta mahali pengine na kumtwisha mtu asiyehusika: nilisema nimeshapima kitu ambacho sikuwa nimekipima, na nilisema hivyo kwa sababu moja tu, kwamba mtu fulani asipate nafasi ya kunisaidia. Ninyi mnaonifahamu mnajua kwamba mimi ndiye ninayefundisha wachumba kanisani kwetu, na kwamba somo langu la kwanza, ambalo wengine mmelisikia hadi mkachoka, ni kwamba uongo hauna saizi (ule mdogo na ule mkubwa hutoka mdomo uleule). Kwa hiyo hamtashangaa kusikia kwamba aibu ilinikuta mchana kweupe, katikati ya njia panda ya Greyville, hapa Durban, mbele ya bibi harusi, mpiga picha na msururu wa teksi, nami nimevaa suti ya kijivu na ua kifuani.

Gari lilikuwa la marehemu kaka yangu, Deogratias. Wengi wenu mliliona akiwa hai: la Kimarekani, la milango miwili, jekundu, boneti ndefu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane ambayo ikiwashwa kwenye maegesho ya chini ya jengo letu pale South Beach, vikombe vilitikisika kabatini ghorofani. Alilinunua likiwa karibu chuma chakavu, akalifufua kwa miaka mingi ya Jumapili (jambo ambalo nilimkemea, kwa kuwa Jumapili ina kazi yake), na kila mara alipoulizwa mtu mzima anataka nini na gari la vijana watafuta sifa, alijibu kwamba siku moja litampeleka binti yake Furaha kanisani. Hakuiona siku hiyo. Mama yake Furaha alikuwa ametangulia zamani, na tangu kaka yangu aondoke mimi ndiye baba wa yule msichana. Gari likabaki chini ya turubai, na Furaha akakua, akasoma, akapata mchumba.

Mchumba anaitwa Elie, kijana mtulivu ambaye kwao ni Uvira, kule Kongo, mwana wa mjane mmoja ambaye sote tulimwita Mama Elie, mwenye meza ya vitenge katikati ya mji. Siku familia mbili tulipoketi kupanga sherehe, upande wao walisema, kwa adabu kabisa, kwamba kaka yake Mama Elie, Papa Bosco, ana basi dogo jeupe, safi, lenye viti vizuri, na kwamba lingeweza kumbeba bibi harusi. Nilisimama. (Ningeweza kujibu nimekaa, lakini nilisimama.) Nikasema kwamba tunashukuru, ila binti wa Deogratias atafikishwa mlangoni kwa gari la baba yake, likiendeshwa na baba yake mdogo, na kwamba upande wa bibi harusi haujafikia hali ya kuazima magurudumu. Watu wangu walipiga makofi. Mama Elie aliinamisha kichwa, akasema tu, "Sawa, mukwe. Itakuwa vile munasema." Mimi nilidhani nimelinda heshima ya marehemu. Leo nadhani marehemu angeomba aketi karibu na dirisha katika lile basi.

Sasa, gari lililolala muda mrefu huamka na magonjwa yake. Injini ilikubali, matairi nilibadilisha, lakini breki zilikuwa ngumu kama kukanyaga ngazi ya saruji. Niliulizia, nikasoma, nikajiridhisha kwamba kilichokufa ni busta ya breki. Kwa wasioijua, busta ni kile chombo cha mviringo, kama sufuria mbili zilizofunikana, kilichofungwa nyuma ya injini mbele ya miguu ya dereva. Huvuta nguvu ya upepo wa injini na kuusaidia mguu wako, ili ukanyagapo kidogo gari litii sana. Mbele yake imefungwa masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu. Na kati ya hivyo viwili kuna kijiti cha chuma, kifupi kuliko kidole, ambacho mkasa huu wote umesimama juu yake.

Busta mpya iliagizwa, ikafika, ikiwa inang'aa. Siku mbili kabla ya harusi nilishuka maegeshoni na vifaa vya kaka yangu (tangazo la ukutani linakataza kutengeneza magari humo, nilikuwa na ruhusa ya mlinzi, ambayo si ruhusa). Nilifungua nati za masta silinda, nikaisogeza pembeni kwa upole bila kufungua mabomba yake. Nikachomoa mpira wa upepo. Kisha ikabidi niingie chini ya dashibodi ili kuitenganisha busta na pedali, na kazi hiyo, kwa mwanamume wa umri wangu na tumbo langu, haifanyiki kwa namna yoyote ya heshima. Kichwa kilikuwa chini karibu na pedali, mgongo umelala ukingoni mwa kiti, miguu imepanda juu ya egemeo. Katika hali hiyo, nikifungua nati ambayo siioni kwa vidole ambavyo sivihisi, nilisikia sauti ya mwanamke.

"Hodi, mukwe."

Niliinua kichwa, nikajigonga kwenye usukani.

"Karibu, Mama," nilijibu kutoka chini kule. "Karibu sana. Samahani, sina kiti cha kukupa."

"Hapana shida. Mimi naona miguu tu," alisema Mama Elie. "Lakini nilijua ni ya Mwalimu. Ni nani mwingine Durban anapiga soksi pasi?"

Alikuwa amekuja kupanga na mke wangu ni akina mama gani wangepanda gari gani, na mke wangu akamwambia niko chini. Nilijitoa, nikajifuta, nikasimama kando ya boneti kama mtu aliyekuwa akitafakari. Yeye hakuondoka upesi. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka mkoba magotini, akatazama nikiingiza busta mpya, nikiifunga, nikirudisha masta silinda mahali pake. Kazi ilikwenda vizuri. Ilibaki hatua moja.

Hatua hiyo ndiyo ya kile kijiti. Busta mpya huja na kijiti chake, na urefu wake sharti ulinganishwe na ule wa zamani, kwa maana kikizidi hata unene wa ukucha, breki hazitaachia kabisa. Zitabaki zimegusa kidogo, na kadiri gari linavyotembea zitapata joto, na kadiri zinavyopata joto zitakaza zaidi, hadi gari lijizuie lenyewe. Haya niliyajua. Nayasisitiza, kwa sababu yupo atakayenihurumia akidhani nilikosa elimu. Sikukosa elimu. Nilikuwa nimeisoma hatua hiyo na kuielewa, na nilijua pia kwamba inahitaji watu wawili: mmoja aketi akanyage pedali kidogo tu na kuiachia, mwingine ainame kwenye boneti atazame kama kijiti kinarudi hadi mwisho wake. Mimi nilijaribu kuwa wote wawili. Nilikanyaga, nikakimbia mbele. Nilipofika, kilichopaswa kuonekana kilikuwa kimeshapita. Nikarudi, nikakanyaga, nikakimbia tena.

"Mwalimu," alisema Mama Elie, "unaingia, unatoka, unaingia, unatoka. Nikukanyagie? Weye angalia kule mbele, mimi nakanyaga huku. Mguu iko, haina kazi."

Akaanza kuvua viatu.

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na ulikuwa mdogo kuliko kijiti. Nilimwona yule mama, mkwe wangu mtarajiwa, akiwa na mguu mmoja wazi juu ya sakafu ya maegesho, tayari kuketi mahali pa dereva katika gari la kaka yangu, na mambo mawili yakanijia kwa pamoja. La kwanza lilijivika adabu: kwetu mwanamume hamtumikishi mkwe wake, hata mezani wakwe hugeuziana uso kidogo, itakuwaje mama wa bwana harusi anitumikie kama msaidizi wa gereji? La pili halikuvaa kitu. Nilifikiri kwamba akikanyaga hata mara moja, gari halitakuwa letu peke yetu. Upande wao watasema, au hawatasema lakini watajua, kwamba bibi harusi alifika kwa mguu wa Mama Elie.

"Usijisumbue, Mama," nikasema. "Nimeshapima."

"Umeshapima?"

"Nimeshapima kabisa."

Alinitazama kidogo, akarudisha kiatu. "Basi vizuri. Mimi nilitaka tu mutoto wetu afike."

Alipoondoka ningeweza kumwita mke wangu, au mlinzi, au jirani yeyote. Sikumwita mtu. Ukishasema umepima, kupima tena ni kukiri. Nilifunga boneti, nikalizungusha gari mitaa miwili mitatu ya South Beach, nikakanyaga breki, likasimama papo hapo kama askari aliyeitwa jina. Nikaridhika. (Mizunguko mifupi haichemshi breki, na hilo pia nililijua.)

Jumamosi ikafika, ya jua na upepo kidogo. Furaha alishuka kwenye lifti na gauni ambalo lilihitaji lifti nzima, akaliona gari limefungwa riboni nyeupe, akaweka kiganja juu ya boneti, kisha akaingia nyuma. Ukumbi wetu wa kanisa, kama mjuavyo, si wetu. Tunaupanga kwa zamu na makanisa mengine, na siku ile saa nane kamili tulipaswa kuwaachia wenzetu Wazulu waliokuwa na ibada ya mazishi. Mchungaji alinikumbusha asubuhi, na jioni iliyotangulia, na kabla ya hapo. Msajili wa ndoa naye alikuwa na harusi nyingine upande wa pili wa mji. Bibi harusi asipofika kwa wakati, hakutakuwa na ndoa siku ile. Na Elie alikuwa amepata kazi Cape Town, basi lake linaondoka kesho yake, naye hangeweza kumchukua Furaha kama mke bila cheti. Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu. Mikono yangu ilivaa glavu nyeupe.

Msafara ukaondoka: mbele gari la mpiga picha, Fidèle, ambaye aliketi ndani ya buti iliyo wazi, miguu ikining'inia, kamera ikitutazama, sisi tukafuata, nyuma yetu basi jeupe la Papa Bosco likiwa na Mama Elie na akina mama wa vitenge, kisha magari mengine, yote yakipiga honi, kama desturi yetu inavyodai. Fidèle kila mara aliinua mkono: "Polepole, Mwalimu! Polepole! Twende kama mfalme!" Nami nikaenda kama mfalme, mguu juu ya breki tangu ufukweni hadi katikati ya mji, na nikihisi pedali ikipanda na kuwa nzito chini ya kiatu changu, nilijiambia kwamba busta mpya inajionyesha.

"Unaona, Furaha," nikasema kwa sauti ya darasani, "breki imara ni kama dhamiri imara. Hata bila kukanyagwa, inakuwepo."

"Ndiyo, Baba Mdogo." Kisha akainama mbele: "Baba Mdogo, kuna harufu."

"Ni harufu ya kitu kipya."

Huo ulikuwa uongo wa pili. Wa kwanza ulikuwa umeuandalia kiti.

Tulipokata kuelekea Greyville, gari lilianza kuniomba mafuta kwa kwikwi. Nilikanyaga, injini ikanguruma, mwendo haukuongezeka. Moshi wa bluu ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya mbele, mwembamba, wenye harufu kali, na nyuma yangu nikasikia akina mama wakipiga vigelegele ndani ya basi, kwa maana siku hizi kuna harusi zinazokodi mashine za moshi, na wao walidhani Mwalimu, mtu mgumu vile, hatimaye amelegea. Fidèle alikaribia kuanguka kwenye buti. "Moshi, Mwalimu! Formidable! Ongeza! Ongeza!"

Sikuhitaji kuongeza. Tulifika kwenye roboti (ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa hapa, nasi tumeshazoea) karibu na uwanja wa mbio za farasi, ikawa kijani, tukaingia katikati ya njia panda, na pale gari la kaka yangu likakaa chini. Sielezi kwa mzaha. Mbele yake iliinama, injini ikalia, magurudumu yakagoma. Nilikanyaga mafuta zaidi. Lilitetemeka kama ng'ombe anayekataa josho. Mpiga picha akaenda zake hatua kadhaa kabla hajagundua, akashuka akirudi mbio huku akipiga picha.

Na sasa fikirini uzito wa jambo hili: honi zilikuwa zikipigwa tangu South Beach. Msafara wetu ulipiga kwa furaha, teksi zilizozuiwa pande zote nne zikapiga kwa hasira, na hakuna sikio duniani ambalo lingetenganisha furaha na hasira katika kelele ile. Kadiri madereva wa teksi walivyotulaani kwa honi, ndivyo watu wetu walivyowajibu kwa honi za shukrani. Kijana mmoja katika gari la tatu alitoa mwili nusu dirishani akiwapungia mkono kama mbunge. Hakuna aliyejua kwamba tumekwama. Nilijua mimi, na kwenye kioo niliona kwamba Furaha pia anajua.

"Baba Mdogo," alisema polepole, "sema kweli. Inaenda ao haiendi?"

Nilifungua mlango. Nilikuwa na nia ya kusema kweli, naamini hivyo, lakini nilipotoka, Fidèle alikuwa mbele yangu na kamera, watu wa msafara walikuwa wanashusha vioo, na mmoja akauliza, "Mwalimu, tunapiga picha hapa?" Nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ndiyo. Picha chache tu."

Uongo wa tatu haukukaa peke yake hata dakika moja. Milango yote ikafunguka. Walishuka wajomba, mashangazi, binamu na wanakwaya, spika ikatolewa, wakaanza kucheza katikati ya njia panda ya Greyville, roboti ikibadilika kijani na nyekundu juu yao bila faida. Fidèle akataka bibi harusi aegemee boneti, kisha akataka wasimamizi waruke kwa pamoja, kisha wakaruka vibaya, akataka warudie. Dereva mmoja wa teksi alishuka, jitu la kofia ya sufu, akanijia akipaza sauti, "Hawu, baba! Suka endleleni!" na mkono wake ulivyoelekeza pembeni, hata asiyejua Kizulu angejua tunafukuzwa barabarani. Nilimwinamia kama ninamsalimu. Simu yangu ilitetemeka mfukoni, ni mchungaji, niliiacha itetemeke. Furaha alikuwa juu ya boneti akitabasamu kwa kamera, na chini ya shela machozi yalikuwa yakimshuka, naye hakuyafuta kwa sababu kufuta kungeonekana. Nimekuwa mtu mzima muda mrefu, na nimehutubia wengi kuhusu dhambi, lakini sijawahi kuiona dhambi yangu ikitabasamu hivyo kwa ajili ya kunisitiri.

Mama Elie alishuka kwenye basi akaja bila kucheza. Alipita kando ya gurudumu la mbele, akasimama, akanusa, akaja karibu nami, akasema chini chini, huku akiutazama umati kama anayefurahia:

"Mukwe, hii gari imekufa?"

"Haijafa. Imeshikwa na breki zake."

"Ile ulisema umepima?"

Nilitazama glavu zangu. "Sikupima, Mama. Nilikudanganya."

Nilingoja. Mtu aliyenikuta miguu juu, akajitolea, akakataliwa, alikuwa na haki ya neno moja, na nilikwisha kuinamisha kichwa ili lipate pa kutua. Lakini yeye alitazama saa yake.

"Ukumbi iko wapi toka hapa? Si hii barabara mbili tu?"

"Mbili na kidogo."

"Saa inaenda," alisema, akageuka, na sauti aliyotoa ilizima spika. "Wamama! Muziki baadaye! Bibi harusi anaenda na miguu! Vitenge chini!"

Mnajua desturi hii. Huwa tunaifanya mlangoni, hatua chache tu, akina mama wakivua vitenge vya juu na kuvitandika ili bibi harusi asikanyage ardhi. Sijawahi kuiona ikifanywa barabarani. Walivua, mmoja baada ya mwingine, wakabaki na magauni na sketi za ndani ya vitenge, wakatandika kitenge mbele ya kitenge juu ya lami yenye mafuta, njano, buluu, ndege na maua. Furaha alishushwa kutoka juu ya boneti. Abiria wa teksi ya karibu, mwanamke wa Kizulu aliyeshika mifuko ya sokoni, alishuka, akaona, akapiga kigelegele chao kirefu, na yule jitu wa kofia ya sufu akamtazama, akatutazama, akaingia barabarani akaanza kuyasimamisha magari kwa mikono miwili, bado akigomba.

"Mimi nitabaki na gari," nilisema. "Siwezi kuliacha katikati ya njia."

Mama Elie alirudi hatua mbili. Kwa mara ya kwanza alinikazia macho.

"Bibi harusi anapelekwa na baba ao anapelekwa na gari? Bosco atabaki. Weye toa ufunguo. Shika mutoto."

Nilitoa ufunguo. Nikamweleza Papa Bosco kwa ufupi, mbele ya watu, kwamba alegeze nati mbili za masta silinda kidogo tu ili kile kijiti kipate nafasi, angoje magurudumu yapoe, kisha alisukume pembeni; naye alinisikiliza, akaniuliza kwa mshangao wa kweli, "Kumbe unajua yote hii?" Nikamshika Furaha mkono.

Tulikwenda hivi: akina mama wa nyuma waliokota vitenge tulivyokwisha kuvikanyaga, wakakimbia navyo mbele, wakavitandika tena, wakiimba kwa pumzi za kukimbia, na kati yao Mama Elie, mwanamke wa umri wangu, akiinama na kuinuka, akiinama na kuinuka. Mimi nilikuwa ndani ya suti yangu nikitembea juu ya nguo za watu ambao nilikuwa nimewaambia kwamba hatuazimi magurudumu. Furaha aliuminya mkono wangu mara moja. "Usiangalie chini, Baba Mdogo," alisema. Niliangalia chini njia nzima.

Tulipofika, ua wa ukumbi ulikuwa umejaa watu waliovaa nyeusi. Wenzetu wa mazishi walikuwa wamewahi, nasi tulikuwa tumechelewa, na jeneza lilikuwa tayari ndani ya gari langoni. Nyimbo zetu zilikatika zenyewe. Mama Elie alimwendea mwanamke mzee aliyeonekana kuwa wa kwanza kati yao, akapiga magoti kidogo, akasema kwa Kizulu chake cha kuuzia vitenge mjini, "Siyaxolisa, mama. Siyaxolisa kakhulu," akiomba radhi kwa niaba yetu wote, ingawa yeye ndiye asiyekuwa na kosa hata moja pale. Yule mzee alimtazama bibi harusi, akatazama vitenge vyenye vumbi mikononi mwa akina mama, akasema neno kwa watu wake, nao wakasogea pande mbili. Furaha akapita katikati ya nguo zao nyeusi juu ya njia ya rangi. Hakuna aliyepiga picha. Hata Fidèle aliishusha kamera.

Ibada ilikuwa fupi kuliko zote nilizoziona. Mahubiri yaliondolewa. Nasaha zangu kwa maharusi, juu ya kusaidiana katika ndoa, nilizozifanyia kazi wiki nyingi, ziliondolewa pia, na sijawahi kushukuru kiasi kile kwa kunyamazishwa. Waliapa, msajili akaandika, na mchungaji akasema kwamba kwa vile wenzetu wanangoja nje na msiba wao, litafanyika jambo moja tu la mwisho: baba wa bibi harusi awatambulishe wakwe kwa kanisa, kwa majina.

Nilisimama. Nilimtaja Elie. Nilimtaja Papa Bosco, ambaye hakuwepo, na nikaeleza yuko wapi na kwa kosa la nani, kwa maneno yaleyale niliyoanzia hapa: kwamba nilisema nimepima, na sikupima, ili nisisaidiwe. Wengine walicheka, wengine wakainama. Tangu siku ile sijamfundisha mchumba yeyote bila kuanza na hadithi hii, na nimejiwekea sharti kwamba mtu akiniambia "nikukanyagie?" nitasogea apite, awe nani, hata mkwe. Kisha nikamgeukia Mama Elie ili nimtambulishe, nikafungua mdomo, na nikagundua mbele ya kanisa zima kwamba kwa miezi yote ya vikao, chai na hotuba zangu za kusimama, nilimjua kama mama wa mtu, na sikuwahi kumwuliza anaitwa nani.

"Mama," nikasema, "nisamehe. Jina lako?"

Alicheka kwanza, mkono mdomoni, huku kitenge chenye vumbi kikiwa bado begani mwake. Halafu akanitajia, nami nikalirudia kwa sauti kubwa, likasikika hadi kwa wale waliokuwa wakingoja nje: Josephine Nabintu.